Siku Githeri Ilipoacha Kuwa Githeri

Nimehamia miji mingi kuliko jozi za viatu nilizowahi kuvaa. Nimekuwa karani Kerugoya, nimepima mchele Mwea, nimeuza nguo kuukuu Karatina, na Nanyuki nilikaa miezi minane nikingoja kitu ambacho sasa sikikumbuki. Kila mji ninaoingia natafuta kwanza hoteli inayopika githeri, na sahani ikiwekwa mbele yangu sianzi kula. Nasukuma mahindi kando kwa ncha ya kijiko nione maharagwe yako wapi na yamekaaje. Wahudumu hudhani natafuta mawe. Mmoja wa Karatina aliniuliza, "Umepoteza kitu, ndugu?" Nilimjibu ndiyo, lakini ni hadithi ndefu, naye akaondoka kabla sijaianza. Basi nitaianza hapa, ambapo hakuna anayeweza kuondoka bila kufunga kitabu.

Nilisoma shule ya sekondari ya harambee, kwenye mgongo wa kilima kati ya Nyeri na Karatina, miaka michache baada ya Uhuru. Wazazi waliijenga wenyewe. Walibeba mawe, wakachanga mabati, na kila mwanzo wa muhula kila mzazi alileta debe la mahindi na debe la maharagwe kwa ajili ya mwanawe. Tulikuwa na madarasa matatu ya sakafu ya udongo, ofisi ya mwalimu mkuu ya sakafu ya simiti, na jiko. Chakula cha mchana kilikuwa githeri kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna aliyelalamika. Mahindi na maharagwe yakichemshwa pamoja mpaka yalainike, na chumvi ikikolea, mtu wa kwetu hana swali.

Mpishi alikuwa mzee mrefu, mkavu, tuliyemwita Guka, yaani babu. Aliishi katika kibanda nyuma ya jiko, na kibanda hicho ndicho kilikuwa nyumba yake ya pekee duniani. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa amefungwa kambini na Waingereza, na aliporudi alikuta mashamba yamekwisha kupimwa na kugawanywa, kila mtu na kipande chake, na jina lake halimo. Shule ilipoanza alikuja na sufuria mbili, akaomba kupika, na hakuondoka tena.

Guka alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wageni: hakuhesabu watu. Wazee wetu wengi hawakupenda kuhesabu watoto wala mbuzi, lakini yeye alishika jambo hilo kama wengine wanavyoshika Jumapili. Asubuhi aliweka kopo mlangoni, na kila mwanafunzi aliyeingia shuleni alitumbukiza punje moja ya mahindi. Saa za mchana Guka alipanga sahani, sahani moja kwa punje moja. Punje zikibaki, sahani zimepungua. Sahani zikibaki, kuna mtu ametoroka. Tulikuwa wangapi hakujua na hakutaka kujua, na hakuna siku mtu alikosa sahani. Hata alipohesabu kuni aliruka saba, namba ambayo wazee hawakupenda kuikaribisha nyumbani. Alisema, "Tano, sita, na huyo mwenzake, nane."

Nilipofika kidato cha tatu tuliletewa mwalimu mpya wa hisabati, kijana aliyetoka chuoni na nywele nyingi na suruali pana chini. Alisikia habari za lile kopo akaenda jikoni kwa miguu yake mwenyewe kumtoa mzee gizani. Sisi tulimfuata tukijifanya tunateka maji.

"Guka, unajua namba haziishi?" mwalimu alisema.

"Haziishi kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote. Nitajie namba kubwa kabisa unayoijua."

Guka alifikiri, akakoroga sufuria, akafikiri tena. "Milioni."

"Milioni na moja!" mwalimu akasema, akatugeukia kama mtu aliyefunga bao.

"Umeihesabu wewe mwenyewe?"

"Sina haja ya kuihesabu."

"Basi hujafika huko. Umesikia tu habari zake."

"Guka, yoyote utakayotaja, mimi naongeza moja."

"Ongeza, mwalimu. Ukichoka uniite, chai itakuwa tayari." Kisha akaongeza, bila ubaya, "Mimi naona zinaishia pale mtu anapochoka. Wewe bado kijana, zako zitafika mbali kidogo."

Mwalimu alirudi darasani amekasirika, na kwa sababu ya hasira hiyo akatufundisha somo ambalo halikuwa hata kwenye kitabu chetu. Alichora ngazi ubaoni. Alisema ukiweza kukanyaga kipago cha kwanza, na kama kutoka kipago chochote unaweza kufika kinachofuata, basi utafika popote, bila mwisho. Aliiita hoja ya ngazi. Nilipenda hoja ile mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona maneno matupu yakimfikisha mtu mbali hivyo.

Lazima niseme pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa chakula. Kila mchana nilipewa sahani kabla ya wenzangu, naitazama, naonja, kisha naandika katika daftari la jalada la bluu neno moja: imetosha, au haijatosha. Kisha naweka sahihi. Nilikuwa na sahihi yenye mkia mrefu niliyoifanyia mazoezi likizo nzima.

Basi niliinua mkono. "Mwalimu, ukitoa haragwe moja kwenye sahani ya githeri, si itabaki githeri?"

"Itabaki."

"Na ukitoa jingine?"

"Itabaki pia. Haragwe moja halibadilishi kitu."

"Basi kwa hoja ya ngazi, mahindi matupu ni githeri."

Darasa lilipiga meza. Mwalimu aliipitia ngazi yake ubaoni, kipago hadi kipago. Mwishowe akasema, "Hoja haina kosa. Kosa liko kwenye githeri."

Hakuna aliyemwona mwalimu mkuu nje ya dirisha. Alikuwa mtu mnene aliyetembea kimya kama paka, na muhula ule alikuwa na shida asiyomwambia mtu. Mvua ya maharagwe ilikuwa imekosekana. Wazazi walileta mahindi ya kutosha, lakini maharagwe yaliyokuwa stoo yangeisha katikati ya muhula. Alikuwa akizunguka shule akitafuta njia, na njia ikamjia dirishani kwa sauti yangu.

Jioni ile alituita mimi na Guka mlangoni pa stoo.

"Guka, kesho ukipima maharagwe ya sufuria, toa kikombe kimoja," alisema. "Kimoja tu. Hakuna atakayejua. Huyu kijana amethibitisha."

"Na keshokutwa?"

"Utoe viwili."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka nitakaposema."

Guka alinigeukia. "Wewe ndiye uliyethibitisha?"

"Ndiyo, Guka," nikasema, kifua mbele.

"Kwa kula ama kwa maneno?"

"Kwa maneno."

"Haya," alisema, akaenda kutafuta kopo lingine.

Kopo hilo la pili alilitilia kokoto. Kila asubuhi aliongeza kokoto moja, kisha akamwaga kokoto zote mezani na kutoa kikombe kimoja cha maharagwe kwa kila kokoto kutoka debe la jikoni alilokuwa akilijaza kila siku. Hakukosea hata siku moja, na hakujua ni vikombe vingapi.

Nami nikaendelea na daftari langu. Siku ya kwanza niliitazama sahani nikaona haina tofauti na ya jana, nikaandika imetosha. Siku ya pili nikailinganisha na ya kwanza. Haina tofauti. Imetosha. Mambo yalikwenda hivyo wiki mbili, wiki tatu, na sahihi yangu ikazidi kupendeza. Wiki ya nne nilianza kusikia kitu tumboni kabla ya saa kumi, lakini kila nilipokaa mbele ya sahani nilijiuliza: jana niliandika nini? Niliandika imetosha. Na leo kimetoka kikombe kimoja kwa shule nzima, pengine nusu haragwe kwa kila mtu. Nani atasimama mbele ya watu aseme alishiba jana na leo ana njaa, kwa sababu ya nusu haragwe? Siku moja nilithubutu kuandika "haija" kisha nikaogopa. Nikaigeuza kwa shida, na hadi leo daftari hilo, kama lipo, lina siku moja iliyoandikwa "haijambo, imetosha."

Wenzangu walikuwa kama mimi. Mmoja alisema githeri imekuwa nyeupe, na mwenzake akamwambia ni macho yake, akapimwe. Mwingine alianza kuhifadhi maharagwe yake pembeni mwa sahani ayale mwisho, kama mtu anavyohifadhi nyama, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye wote tulifanya hivyo.

Alhamisi moja mlinda lango wa timu yetu ya mpira, kijana mkubwa kuliko baadhi ya walimu, alichambua sahani yake mara mbili, akasimama juu ya benchi.

"Ati hii ni githeri?" alipiga kelele. "Hii ni mahindi imepitia karibu na maharagwe!"

"Kwani jana ilikuwa nini?" mtu akamwuliza.

Ungeweza kuona kila mtu akijaribu kuikumbuka jana, na nyuma ya jana, juzi. Kisha, bila mtu kutoa amri, shule nzima ilitoka na sahani zake, tukakaa chini kuzunguka mlingoti wa bendera, tukakataa kula na kukataa kuingia darasani. Mimi pia nilikaa. Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimeandika imetosha, na wino ulikuwa haujakauka.

Ijumaa kamati ya wazazi ilifika. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja muuza maharagwe wa soko la Karatina, mnene wa sauti, ambaye akishika ukufi wa maharagwe aliweza kukwambia yalitoka upande gani wa mlima. Walikaa katika darasa letu, watu wazima wamejibana kwenye madawati yetu, magoti yakigusa videvu. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kupiga taipu barua ya kumwondoa Guka kazini. Ilibaki sahihi ya mwenyekiti. Niliitwa nije na daftari, kwa hiyo niliiona barua ile: mistari minne tu, na mstari wa mwisho ulisema mpishi ahame kibanda kabla ya Jumatatu.

"Nilimwambia apunguze kidogo," mwalimu mkuu alisema. "Kidogo tu, kwa sababu ya ukame. Sikumwambia awanyime watoto. Mtu mzima anajua mahali pa kusimama."

"Wapi?" mama mwenyekiti akauliza.

"Samahani?"

"Hapo mahali pa kusimama. Ni wapi?"

Mwalimu mkuu alisema kila mtu mwenye akili anapajua. Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Kisha wakafungua daftari langu, ukurasa baada ya ukurasa, wakasoma imetosha, imetosha, imetosha, hadi Alhamisi yenyewe.

"Kijana, hii ni sahihi yako?" mama aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umeshiba?"

Nilitazama viatu vyangu. "Sikuwa na njaa zaidi ya jana yake."

"Siku gani?"

"Siku zote, mama."

Mwalimu wa hisabati aliona nafasi yake. Alisimama, akatafuta chaki, akaanza kuwachorea wazazi ngazi. Alikuwa amefika kipago cha tatu mama alipomkatiza.

"Mwalimu, wewe hula wapi?"

"Huwa naletewa kutoka nyumbani."

"Nilijua. Keti."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijua maneno mawili ambayo yangemwokoa Guka: mpaka nitakaposema. Yeye mwenyewe hakuyasema. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, na baadaye aliniambia hakuona sababu ya kuyasema, kwani mwenye kuyasema alikuwa mle mle chumbani na ana mdomo. Lakini mwalimu mkuu alinitazama mara moja tu, kwa upole kabisa, na nilikumbuka kwamba barua ya kumfukuza mwanafunzi ni fupi kuliko ile ya mpishi. Nikafunga daftari.

Ni Guka aliyezungumza. "Mnatafuta siku," alisema. "Kesho njooni mchana. Nitawapakulia siku zote, mjichagulie."

Jumamosi tuliwakuta wazazi wamesimama uani na midomo wazi. Guka alikuwa amechemsha mahindi katika sufuria moja na maharagwe katika nyingine, kisha akapanga sahani kwenye nyasi kutoka mlango wa darasa letu hadi mlingoti wa bendera, sahani moja kwa kila kokoto. Mahindi yalikuwa sawa katika kila sahani. Maharagwe yalikuwa mengi ya kung'aa penye mlango, yakapungua kwa chembe, sahani hadi sahani, mpaka chini ya bendera yakabaki mahindi na maharagwe mawili yaliyopotea njia. Nzi walikuwa wamefurahi sana.

Wazazi wakajigawa. Nusu walianzia mlangoni, nusu walianzia kwenye bendera, ili kazi iishe upesi. Mama mwenyekiti alikataa kutembea. Alikaa juu ya jiwe na barua ile ya taipu mkononi, akawa anajipepea nayo.

"Hii ni githeri?" walisema wa mlangoni.

"Githeri safi."

"Na hii?"

"Githeri."

"Na hii?"

"Kwani ina tofauti gani na hiyo? Githeri."

Upande wa bendera nao walikuwa wakiimba wimbo wao. "Hii?" "Mahindi." "Hii?" "Mahindi." "Hii nayo?" "Haragwe moja zaidi, ati ndiyo iitwe githeri? Mahindi!" Makundi yalikutana katikati, na hapo nilidhani watasimama, lakini hawakusimama. Walipishana. Wa mlangoni walikwenda wakisema githeri, githeri, mpaka wakafika chini ya bendera, ambapo mzee mmoja mwenye miwani aliinama juu ya yale maharagwe mawili akasema, kwa mashaka kidogo, "Githeri ya mgonjwa." Wa bendera nao walipanda wakikataa sahani baada ya sahani, na walipofika mlangoni, mbele ya sahani iliyojaa maharagwe hadi pembeni, mmoja wao alijikuna kichwa akasema, "Hii ingeongezwa kidogo."

Kisha wakageuka wakatazamana kutoka ncha mbili za uwanja.

Ugomvi uliotokea siwezi kuueleza wote. Mashemeji wawili waliokuja kwa baiskeli moja waligombania sahani moja ya katikati, huyu akisema ni githeri, yule akisema hata kuku wake angeikataa, na ikajulikana kwamba wangebadilishana pande mchana ule wangegombana vilevile kwa maneno ya mwenzake. Mwalimu wa hisabati alikimbia huku na huku akiwaambia kosa haliko kwenye hoja. Mtu alikanyaga wiki ya tatu.

Guka alikuwa amesimama kando, kofia mkononi bado. Nyuma yake mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na niliona amekwisha kufunga blanketi lake kwa kamba. Kulikuwa na blanketi, na sufuria moja ndogo juu yake, na hakuna kingine.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nimejiuliza mara nyingi. Nilikuwa naogopa, kisha nikawa naogopa kidogo chini ya hapo, na ghafla nilikuwa mbele ya lile jiwe nikisema, kwa sauti iliyopanda kama ya kasuku, "Mama, alimwuliza! Guka alimwuliza mpaka lini! Mwalimu mkuu akasema mpaka nitakaposema. Mimi nilikuwepo. Na maneno ya kuondoa haragwe yalikuwa yangu."

Mama aliacha kujipepea.

"Mwalimu mkuu," mama alisema, "ulisema hivyo?"

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. "Huenda nilisema."

"Huenda ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ni... katikati."

Walicheka mpaka wale mashemeji wakaegemeana. Mama mwenyekiti aliinuka polepole kutoka kwenye jiwe.

"Ninyi watu wazima," alisema, "mmekuja na mwanga wa mchana, mmekunywa chai, sahani zimepangwa mbele yenu kama gwaride. Na siku hamkuipata. Mlitaka huyu mzee aipate peke yake, ndani ya moshi, wakati ameambiwa kusimama si kazi yake?" Aliikunja barua mara mbili, akafunika nayo sahani ya kwanza, nzi wasiifikie. "Nileteeni debe la maharagwe. Na msumari."

Aliletewa lile debe la jikoni. Alitia mkono ndani, akapima kutoka chini shubiri moja nzima, akakwaruza mstari kwa msumari mpaka bati likalia.

"Maharagwe hayashuki chini ya hapa. Yakiisha stoo, mtaniita mimi, tutatafuta."

"Lakini mama," mwalimu wa hisabati alisema, na nadhani hakuweza kujizuia, "kwa nini hapo? Kwa nini si haragwe moja chini yake?"

"Kwa sababu mkono wangu umesimama hapa," alisema. "Sasa kuleni hizo siku kabla hazijapoa."

Tulizila zote. Mimi nilipewa Jumanne ya wiki ya tano.

Guka alifungua kamba ya blanketi. Mimi sikufukuzwa, lakini nilivuliwa ukiranja, na mpaka mwisho wa muhula nikapewa kazi ya kuchagua mawe kwenye maharagwe kila alasiri, nimekaa na Guka mlangoni pa jiko. Siku ya kwanza nilijaribu kuhesabu maharagwe ya debe zima, nimwonyeshe mwalimu au nimwonyeshe Guka, sikumbuki yupi. Nilipita elfu moja. Nilipita elfu mbili. Mahali fulani baada ya hapo kuku aliingia, nikamfukuza, na niliporudi sikujua kama nilikuwa nimeacha mia nne au mia tano.

"Umefika mwisho?" Guka aliniuliza.

"Sijafika. Nimepotea."

"Ni hapo hapo," alisema. Akanimiminia chai.

Nilimwuliza siku nyingine kwa nini hahesabu watu. Nilidhani atanieleza habari za wazee na mbuzi.

"Kule kambini Mwea tulikuwa tunachimba mifereji," alisema. "Asubuhi tunachuchumaa kwa mistari, tunahesabiwa. Jioni tunahesabiwa. Hesabu ikikosa mmoja, tunachuchumaa mpaka ipatikane. Hakuna siku yule aliyehesabu aliuliza ni nani aliyekosa. Aliuliza ni wangapi." Aliokota jiwe dogo akalitupa uani. "Punje ya mtu anaitia mwenyewe, kwa mkono wake. Nikiona sahani imebaki moja, naenda kutafuta mtu."

Tukaendelea kuchagua.

Nilimaliza kidato cha nne bila cheti cha kujivunia, nikaondoka. Nasema niliondoka, lakini sikumbuki siku yenyewe. Kwanza nilipata kibarua Karatina, na Karatina ni karibu, unaweza kurudi nyumbani kulala. Kutoka Karatina, Kerugoya si mbali. Kutoka Kerugoya hadi Mwea ni kuteremka tu. Kila nilipohama nilijiambia bado niko karibu na nyumbani, na kila mara ilikuwa kweli.

Mwaka jana nilipita shuleni. Kuna madarasa ya matofali sasa, na jiko jipya. Guka alifariki zamani. Aliacha kazi mwenyewe, niliambiwa, asubuhi moja tu, na walipomwuliza kwa nini leo, akasema ni kwa sababu ni leo. Mpishi wa sasa ni mama kijana, mchangamfu, aliyenikaribisha bila kuniuliza mimi ni nani. Nikaona debe kwenye kona, na ndani yake mstari mwekundu wa rangi ya geti.

"Huo mstari ni wa nini?" nikamwuliza.

"Ah, hiyo iko hapa tangu zamani. Ni ya maharagwe. Yasishuke hapo."

"Debe ni lile la zamani?"

"La zamani lilitoboka. Likitoboka tunaweka jipya kando yake, tunachora palepale. Rangi ikifutika, pia tunachora palepale. Hatujawahi kuusogeza."

Nilitia mkono ndani ya debe. Nilipima kutoka chini. Nusu shubiri, na kidole.

"Keti nikupakulie, mzee," alisema, na nikatazama nyuma kuona ni nani mzee ameingia.

Alinipakulia. Nilisukuma mahindi kando kwa ncha ya kijiko. Maharagwe yalikuwepo, hapa na pale, yakiwa na nafasi ya kutosha ya kupumua.

"Imetosha, mzee?"

Nilifungua mdomo. Neno lile lilikuwa tayari kwenye ulimi, na mkia wake mrefu.

"Uko na msumari?" nikamwuliza.

Alinitafutia mmoja kwenye dirisha. Nikalivuta debe, nikapima shubiri moja nzima kwa mkono wangu, ambao si mkono wa yule mama wa Karatina na pengine ni mrefu kidogo, au mfupi. Nikakwaruza. Bati likalia.

"Lakini mzee," alisema, akiinama kutazama, "kwa nini hapo?"